Rubani aliyeghairi kutua asiitwe ofisini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyelalamikia wiki iliyopita safari yake ya kutoka Mwanza kuja Dar es Salaam. Anasema ndege ilikwishashusha magurudumu, yeye yuko dirishani anaziona bati za Majohe, mara injini zikanguruma, pua ikanyanyuka, wakapaa tena kupita juu ya mji hadi baharini. Wakazunguka karibu robo saa ndipo wakatua. Mama wa kiti cha jirani alikuwa analia na kusoma dua kwa sauti. Rubani alikaa kimya muda mrefu, na alipoongea ilikuwa Kiingereza cha haraka kilichomezwa na mkwaruzo wa spika. Msomaji akamalizia kwa kutaka mambo matatu: rubani anyang'anywe leseni, kwa kuwa "hata dereva wa daladala akipitiliza kituo tunamsema", shirika litangazwe hadharani, na nauli irudishwe.

Barua ile ilipigwa picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila ilikopita iliongezewa chumvi. Ilipofika kwenye kundi letu la mtaa hapa Ukonga, ndege ilikuwa tayari "imenusurika kuanguka Kariakoo". Ndiyo maana nimeamua kushika kalamu.

Nimestaafu kazi ya kuongoza ndege. Niliianza wakati uwanja wetu wa Dar es Salaam haujapewa jina la Mwalimu Nyerere, na tulikuwa tunatenganisha ndege kwa saa ya ukutani, penseli na vikaratasi. Nauelewa woga wa yule mama. Tangu Novemba 6, 2022, ndege ilipoingia ziwani pale Bukoba na watu 19 wakapoteza maisha, abiria wa nchi hii ana haki ya kushika dua kila ndege inapofanya jambo asilolizoea. Ninachokataa ni ile hukumu. Rubani yule hakupitiliza kituo. Alifanya jambo ambalo sisi wa mnarani tulimwombea kila rubani awe na moyo wa kulifanya.

Hakuna rubani wa ndege ya abiria anayeanza kushuka kuja kutua bila kujua namna atakavyoghairi. Kila ramani ya kutua, ya Dar, ya Mwanza, ya Nairobi, ya popote, ina maelezo ya njia ya kughairi: unapanda hadi futi kadhaa, unaelekea wapi, unasubiri wapi. Kabla hawajaanza kushuka, rubani na msaidizi wake wanasomeana maelezo hayo kwa sauti. Kisha wanashuka wakiwa na vigezo vyao. Wakiwa ndani ya mawingu, ndege ikifika futi 1,000 juu ya ardhi inatakiwa iwe imetulia: mwendo sahihi, mshuko sahihi, magurudumu chini, kila kitu mahali pake. Wakiwa wanatumia mitambo ya kawaida ya kuwasaidia kutua kwenye mvua au ukungu, wanaweza kushuka hadi kama futi 200. Pale, kama hawajaona taa au njia yenyewe ya kurukia, wanapanda. Hawaombi ruhusa kwa mtu. Hawamsubiri mkubwa wa ndege aridhie, kwa sababu mashirika mengi yameweka kanuni kwamba yeyote kati ya wawili akitamka "ghairi", mwenzake anatii kwanza na kuuliza baadaye.

Sababu zenyewe ni nyingi na nyingine ni za kawaida sana. Wingu la masika limekaa mwisho wa njia na upepo umegeuka. Kundi la kunguru limeinuka kutoka kwenye majani, na Dar hii kunguru wake wanajulikana. Viwanja vya porini utakuta ng'ombe. Lakini sababu iliyonipa mimi jasho zaidi kuliko zote, na ambayo naona ndiyo iliyomkuta msomaji wetu kwa jinsi alivyoieleza, ni kwamba ndege iliyotangulia ilikuwa haijatoka njiani.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu abiria haoni hesabu hii na hakuna anayemweleza.

Dar es Salaam ina njia moja tu kubwa ya kurukia. Juu ya njia hiyo hiyo wanakutana watu wa aina zote: ndege pana ya kutoka Ghuba yenye mamia ya abiria, ndege za safari za mikoani, na zile Caravan za injini moja zinazokwenda na kurudi Zanzibar mchana kutwa. Caravan inakuja kutua kwa mwendo wa kama maili 90 za baharini kwa saa. Jeti inakuja kwa 140. Tuseme Caravan imebakiza maili 6, na nyuma yake kuna jeti umbali wa maili 5. Ukiitazama kwenye kioo cha rada utasema nafasi ni kubwa. Ila Caravan itatumia dakika 4 kuzimaliza zile maili 6, na katika dakika hizo 4 jeti itakuwa imekula zaidi ya maili 9. Ile nafasi ya maili 5 imebaki chini ya 2, na Caravan bado haijatoka njiani.

Kwa hiyo mwongoza ndege anafanya kazi ya kununua nafasi mapema. Anamwambia mwenye jeti apunguze mwendo akiwa bado mbali. Anamzungusha kidogo kule upande wa Kisarawe. Anamwomba mwenye Caravan aje na mwendo wa juu kadiri anavyoweza na atoke kwenye kinjia cha kwanza cha kuachia njia ya kurukia. Mara nyingi inakubali. Mara nyingine haikubali, na hakuna mtu aliyekosea.

Ukigeuza mpangilio, Caravan ikiwa nyuma ya ndege pana, tatizo linabadilika sura. Mbawa za ndege kubwa zinaacha nyuma yake hewa inayojisokota, haionekani kwa macho, na jioni tulivu inakaa kwa muda kabla ya kutawanyika. Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kupinduliwa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka maili 6 kati ya ndege nzito iliyotangulia na ndege nyepesi inayofuata kutua, na maili 5 kama inayofuata ni ya kati. Rubani wa Caravan akiona amesogea sana anaghairi mwenyewe, na abiria wake kumi na wachache wanashuka wakinung'unika kwamba wamecheleweshwa boti ya mchana.

Nakumbuka jioni moja ya mvua za vuli. Mvua ilikuwa imepita dakika chache nyuma, njia inang'aa kama kioo, jua linapiga usawa wa macho kutoka upande wa Pugu. Mezani kwetu kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake chembamba kilichochomekwa kwenye kishikio cha plastiki: jina, aina, urefu, saa, vyote kwa penseli. Ndege ikiingia njiani, kikaratasi chake kinasogezwa kwenye nafasi ya njia. Kama waliopo njiani ni gari la zimamoto au wakata majani, tunaweka kibao chekundu. Nafasi ile ikiwa na kitu, kiwe kikaratasi au kibao, mdomo haufunguki kumpa mtu mwingine ruhusa ya kutua. Ni jambo la mkono kabla halijawa la akili, maana akili inachoka na mkono hauchoki upesi.

Caravan ilitua vizuri. Nikaiona kwenye darubini inapita kinjia cha kwanza bila kukata kona. Maji yalikuwa mengi, rubani hakutaka kupiga breki kwa nguvu, na alikuwa na haki. Sasa ilibidi aende hadi kinjia cha pili, polepole. Jeti nyuma yake imebakiza maili 2, taa zake mbili zimekuwa duara kamili. Kikaratasi cha Caravan bado kiko pale pale mezani. Nikabonyeza kitufe nikamwambia mwenye jeti aghairi, apande futi 3,000, anyooshe moja kwa moja. Akajibu kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Kisha ule mngurumo, taa zikainuka, tumbo la ndege likapita mbele ya vioo vyetu na magurudumu yakiwa yanaingia ndani. Hakuna aliyenyanyuka kitini. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameshainua simu kuwataarifu wa rada kabla sijamaliza kusema, kwa sababu ndege iliyoghairi inahitaji nafasi mpya hewani, na nafasi hiyo lazima mtu aitafute mara moja.

Hapo ndipo penye ugumu ambao msomaji wetu hakuugusa, na ndio ulionikosesha usingizi kuliko mngurumo wa injini. Ndege inayoghairi kutua inageuka ghafla kuwa ndege inayoruka. Kama sekunde chache nyuma umeruhusu nyingine iruke kutoka njia ile ile, sasa una mbili angani, zote zinapanda, zote zinaelekea upande mmoja, na ya nyuma ina mwendo mkubwa kuliko ya mbele. Karatasi ya kanuni inasema zitenganishwe kwa futi 1,000 kwenda juu, au kwa maili 3 hadi 5 kwa rada kutegemea mahali. Katika dakika ile huna hata kimoja. Una macho yako, redio, na utulivu wa watu wawili wasiokuona.

Huko Marekani, katika mji wa Austin, jambo hili lilitokea alfajiri ya Februari 4, 2023. Ukungu ulikuwa mzito. Boeing 767 ya mizigo ya FedEx inakuja kutua. Mwongoza ndege akairuhusu Boeing 737 ya Southwest, iliyokuwa inaelekea Cancun ikiwa na zaidi ya watu 120, iingie kwenye njia hiyo hiyo na kuruka, ilhali 767 imebakiza maili 3 tu. Alidhani ingetoka upesi. Haikutoka upesi. Kwa ukungu ule hakuweza kuiona kwa macho, na uwanja ule haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Aliyeokoa siku alikuwa rubani msaidizi wa ile ndege ya mizigo. Aliona taa zikijitokeza ndani ya ukungu mbele yao, akataka waghairi, akasema redioni Southwest wasitishe kuruka. Southwest walikuwa wameshashika kasi, wakaendelea. Ndege mbili zikapishana kwa chini ya futi 200, ya mizigo juu, ya abiria chini. Wachunguzi wa Marekani walieleza yote hayo hadharani, pamoja na lile kosa la mwongoza ndege la kukisia.

Sasa nimuulize ndugu yangu msomaji. Kama rubani yule msaidizi angekuwa anafanya kazi kwenye shirika ambalo kila anayeghairi anaitwa ofisini kesho yake kueleza mafuta yamekwenda wapi, angesita kwa sekunde ngapi? Sekunde 2 zingetosha kuua.

Mwaka uliofuata, Januari 2, 2024, pale Haneda, Tokyo, hakukuwa na aliyeona. Ndege ndogo ya walinzi wa pwani, iliyobeba msaada wa tetemeko la Noto, iliingia kwenye njia na kusimama pale kwa kama sekunde 40. Mnarani kulikuwa na kioo kinachoonyesha kwamba njia ina kitu. Hakuna aliyekitazama kwa wakati. Airbus ya Japan Airlines iliyokuwa na watu 379 ikatua juu yake. Wote 379 walitoka wakiwa hai, na dunia ikawasifu wahudumu wale, sifa walizostahili. Watano kati ya sita wa ndege ndogo hawakutoka. Amri moja ya kughairi ingewaokoa hao pia, lakini aliyepaswa kuitoa hakujua kwamba inahitajika.

Na kuna wale waliojua wakakaidi. Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilikuja kutua Mangalore, uwanja uliokatwa juu ya kilima, mwisho wa njia ni bonde. Ilikuja ikiwa juu mno na kwa kasi mno. Rubani msaidizi alisema waghairi, akarudia, akarudia tena. Mkubwa wake akaendelea kushuka. Ndege iligusa ardhi ikiwa imeshapoteza sehemu kubwa ya njia, ikapitiliza, ikatumbukia bondeni ikiwaka. Watu 158 walikufa, 8 wakapona. Wengi wao walikuwa vibarua wa Ghuba wanaorudi nyumbani kuona watoto, watu wa aina ile ile ninayowaona wakishuka hapa kwetu na maboksi yao yaliyofungwa kamba.

Shirika la utafiti wa usalama wa anga liitwalo Flight Safety Foundation liliwahi kupima jambo hili kwa upana, na jibu lake linashangaza. Ndege zinazoghairi kutua ni moja hadi tatu tu katika kila safari 1,000. Na zile zinazokuja kutua zikiwa hazijatulia, ambazo kanuni inazitaka zighairi, asilimia 97 zinatua hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba marubani wanaghairi kidogo mno. Msomaji wetu amempata mmoja wa wale wachache, halafu anataka afukuzwe.

Sitaki nieleweke kwamba kughairi ni kazi rahisi. Ni kati ya vitendo vigumu. Ndege ilikuwa inashuka taratibu, sasa inasukumwa kwa nguvu zote, pua inapanda, na usiku bila upeo wa macho kichwa cha binadamu kinaweza kumdanganya rubani kwamba pua imepanda mno. Akisukuma usukani chini kurekebisha kosa ambalo halipo, anaelekeza ndege ardhini. Gulf Air ilipoteza watu 143 kwenye maji ya Bahrain Agosti 2000 ndege ilipokuwa inaghairi usiku. Flydubai ilipoteza 62 kule Rostov, Urusi, Machi 2016, kwa mtindo unaofanana. Dawa yake ni mazoezi ya mara kwa mara kwenye simuleta, yaani mtambo wa ardhini unaoiga ndege, tena mazoezi ya kughairi katika urefu wowote, na injini zote zikiwa nzima. Wengi wamezoezwa mno kughairi na injini moja imezimika, wakati katika maisha ya kweli ndege inaghairi ikiwa nzima kabisa, nyepesi kwa kuwa mafuta yamepungua, na inapanda kama roketi.

Hilo ndilo jibu pia la kwa nini rubani wa msomaji wetu alikaa kimya. Dakika zile za kwanza ana magurudumu ya kuingiza, mbawa za kurekebisha, urefu wa kusimamia, mnara wa kujibu, na hesabu ya mafuta: ajaribu tena hapa au aende Zanzibar, au Kilimanjaro, au Mombasa? Kanuni inamtaka atue akiwa bado na akiba ya dakika 30, haiguswi. Abiria wanakuja mwisho kwenye orodha ile, na inastahili iwe hivyo. Ila akishatulia, aseme. Aseme kwa Kiswahili, polepole, sentensi mbili: "Njia ilikuwa bado ina ndege, tumepanda, tunarudi kutua baada ya dakika kumi." Hapo namuunga mkono msomaji kwa mikono miwili. Mashirika yanayoruka ndani ya Tanzania yanajua kuuza soda kwa Kiswahili, yashindwe kumtuliza mama wa watu?

Kuhusu mitambo, nchi hii imetoka mbali na kwa njia ya kujikunja. Watu wa rika langu wanaikumbuka rada tuliyouziwa na kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ambayo maneno yake yalizidi kazi yake. Baada ya kesi kule kwao tukarudishiwa pauni milioni 29.5, na shule zikapata vitabu na madawati. Mtaani ikaitwa chenji ya rada. Nadhani sisi ni nchi pekee duniani ambayo wanafunzi wake wamesoma kwa rada. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikanunua nne kwa mpigo, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3, na kwa mara ya kwanza anga lote la nchi likaanza kuonekana kwenye vioo. Aliyefanya kazi zamani anajua tofauti. Sisi tulikuwa tunaacha dakika 10 kati ya ndege mbili za njia moja kwa sababu tulitegemea rubani atuambie yuko wapi, na tulimwamini.

Lakini rada haitoi ndege njiani. Na haioni kila jambo dogo pale kwenye msongamano wa ndege ndogo na kubwa. Wenzetu wa Nairobi walijifunza kwa uchungu Machi 5, 2024, pale ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyotoka uwanja wa Wilson kwenda Diani na watu 44, ilipogongana hewani na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Mkufunzi na mwanafunzi wake kwenye Cessna walikufa. Wilson ina shule za marubani, ndege za watalii, za madaktari, za miraa, zote kwenye uwanja mmoja na dakika chache tu kutoka Jomo Kenyatta. Atakayesema jambo kama hilo haliwezi kutokea kati ya Dar na Zanzibar, Jumamosi ya msimu wa watalii, aje tukae naye ufukweni saa mbili asubuhi ahesabu mwenyewe ndege zinazovuka.

Kwa hiyo maombi yangu yanakwenda mahali tofauti na alikoyaelekeza msomaji.

Kwanza kwa mashirika. Nimewafahamu marubani, na sitataja kampuni, walioitwa kujieleza baada ya kughairi, wakaonyeshwa bei ya mafuta kwenye karatasi. Hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo. Haikuhitajika. Mtu ukishaonyeshwa ile karatasi mara moja, safari nyingine utaiona mbele ya macho yako ukiwa futi 500, mahali ambapo ulitakiwa uone njia ya kurukia peke yake. Taarifa ya kughairi iandikwe, isomwe na watu wa usalama, iwafundishe wengine, basi. Mhasibu asiipate.

Pili kwa wanaopanga ratiba. Ndege sita zikitangaza kuondoka saa 12 kamili asubuhi kutoka njia moja, tano zimedanganya abiria, na mnara unabebeshwa kazi ya kuziba uongo huo kwa kubana nafasi. Mwongoza ndege kijana, anayetaka kusifiwa kwamba hacheleweshi watu, ataruhusu moja iruke mbele ya inayokuja kutua kwa kukisia. Yule wa Austin alikisia. Viongozi wa mnara wamsifu anayesema "subiri hapo hapo" kwenye redio hata kama kuna waziri ndani ya ndege. Na wapewe watu wa kutosha, ili aliye kwenye kioo aweze kuinuka akanywe maji baada ya saa mbili za kazi bila kumwachia mwenzake meza mbili.

Tatu kwako wewe Mhariri, kwa heshima zote. Kichwa cha habari cha "Ndege yanusurika" kinauza gazeti, nafahamu. Siku ndege inapoghairi kutua, mtume mwandishi aulize mnarani au kwa mamlaka njia ilikuwa na nini, na jibu hilo ndilo liwe habari. Kuna siku atajibiwa kwamba ni wingu. Siku nyingine atajibiwa jambo ambalo wakubwa hawapendi litoke, kwa mfano kwamba ndege mbili zilikaribiana kuliko kanuni inavyotaka, na hapo ndipo gazeti lishupalie kuuliza taarifa ya uchunguzi iko wapi. Mtasaidia watu zaidi kuliko kumsaka rubani.

Imebaki nauli. Msomaji anadai arudishiwe kwa kuzungushwa robo saa. Jeti inayozunguka hivyo inachoma mamia ya kilo za mafuta, na hakuna abiria aliyetozwa hata senti ya nyongeza. Kwa hesabu ya haki, yeye ndiye mwenye deni.

Mwongoza ndege mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam